Maswali ya Wasomaji: Vijana wa kujitolea wanapokwenda mbugani na pwani kwa pamoja

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wanaojitolea katika shule, zahanati na miradi ya vijijini, au kwa wazazi wao. Karibu zote zinauliza jambo moja: kazi ikiisha na kundi likataka kwenda kuona wanyama, kisha kupumzika baharini, mambo yapangwe vipi ili watu warudi wakiwa bado wanapendana. Tumechagua sita. Jibu la barua ya kwanza limekuwa refu kuliko mengine, kwa sababu katika suala hilo ndimo makundi mengi huvunjikia.

Gharama tuzigawe vipi?

*Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 23 na ninajitolea katika mradi wa maji wa kijiji kimoja mkoani Kilimanjaro. Kundi letu lina watu sita: mimi na Mtanzania mwenzangu, Mkenya mmoja, na vijana watatu kutoka Ujerumani. Mwezi wa Agosti, mradi utakapofungwa, tunataka kukaa siku nne mbugani na siku tano Unguja. Wenzetu wamependekeza gharama zote zijumlishwe, kisha zigawanywe kwa sita, kila mtu alipe sawa. Sisi watatu tumepiga hesabu tukaona jumla inatuzidi, ila tunaona haya kusema. Zaidi ya hayo, imeshaamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mkalimani na mpatanishi wa bei njia nzima. Nifanye nini?*
— Binti wa Moshi

Marahaba, mwanangu. Pendekezo la kugawa kwa sita linasikika kuwa la haki, na sina shaka kwamba wenzenu wamelitoa kwa nia njema, lakini si la haki, na sababu yake iko langoni mwa hifadhi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa kiwango cha chini sana, na Mkenya wenu yumo katika fungu hilo hilo. Mgeni kutoka nje ya Jumuiya hutozwa kwa dola, na kiasi chake ni mara nyingi zaidi. Viwango hivyo vimetofautishwa kwa makusudi, ili mwananchi wa kipato cha kawaida naye aweze kuiona nchi yake. Mkikusanya viingilio vyote na kuvigawa sawasawa, ninyi watatu mtakuwa mnawalipia Wajerumani sehemu ya viingilio vyao, na unafuu mliopewa mtakuwa mmeufuta kwa mikono yenu wenyewe.

Kwa hiyo zitenganisheni gharama kabla ya kuzigawa. Yako malipo yanayotozwa kwa kichwa, kama vile kiingilio, tozo ya kupiga kambi ndani ya hifadhi, na nauli ya boti ya kwenda Unguja, ambayo nayo ina kiwango cha mwenyeji na cha mgeni. Haya kila mtu ajilipie kwa kiwango chake. Yako pia yanayohesabiwa kwa gari: kodi ya gari lenyewe, mafuta, ujira wa dereva anayeongoza, na ile tozo ya gari kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambayo humshtua kila asiyeitarajia. Haya ndiyo ya kugawa kwa sita, maana kila mmoja amekalia kiti kimoja. Faida ya kusafiri kwa kundi iko hapa: tuseme gari na dereva kwa siku hizo ni shilingi milioni 2.4; wakienda watu wawili, kila mmoja atatoa milioni 1.2, na wakienda sita, kila mmoja atatoa laki nne. Magari mengi ya kufungua paa hubeba abiria sita au saba, wote wakiwa dirishani, hivyo idadi yenu imekaa vizuri. Msishawishike kuongeza mtu wa nane kwa ajili ya kupunguza bei, kwa kuwa atakayebanwa katikati atalipa sawa na wengine na kuona nusu yao.

Malazi ni mtihani mgumu zaidi. Ushauri wangu ni kwamba yachaguliwe kwa kuangalia mfuko wa yule mwenye kidogo kuliko wote, na kundi lilale mahali pamoja. Mto wa Mbu na Karatu, ambako magari ya kwenda Ngorongoro hupita, kuna kambi za mahema na nyumba za wageni za bei nafuu zilizo nje ya mipaka ya hifadhi, na kulala huko huwaondolea tozo ya kambi. Nimesikia makundi yaliyokubaliana kwamba wenye uwezo walale hotelini ukingoni mwa kreta na wengine wabaki mjini. Asubuhi hugeuka kuwa makundi mawili yanayosubiriana, na mazungumzo garini hupungua.

Haya yako ninaielewa, kwa sababu umelelewa kutomtajia mgeni habari za fedha. Hata hivyo usingoje siku ya kulipa amana ndipo useme. Andaa karatasi yenye majina sita, na mbele ya kila jina uandike malipo yake ya kichwa, sehemu yake ya gari, na sehemu yake ya chakula na malazi, kisha waonyeshe wote mapema. Wageni wengi hawajui kabisa kwamba viwango vinatofautiana. Wakiona tarakimu zenyewe, mara nyingi wao ndio huwa wa kwanza kusema mgawanyo ubadilishwe.

Kuhusu ukalimani, ninazungumza kwa msisitizo kwa sababu ni jambo linalowapata vijana wenyeji, hasa mabinti, katika karibu kila kundi la aina hii. Kutafsiri, kupatana bei, kutafuta usafiri, kumtuliza anayenung'unika: hiyo ni kazi, na inachosha kuliko kubeba mabomba ya maji. Wewe nawe umejitolea miezi yote hiyo na unastahili kupumzika. Waambie wenzako kwamba kila siku mtu mmoja, kwa zamu, atashika mfuko wa kundi na kufanya manunuzi. Vijana waliokaa kijijini muda mrefu hawashindwi kuuliza bei ya maembe, na dereva anayeongoza watalii huzungumza Kiingereza vizuri, kwa hiyo mbugani hahitaji mkalimani. Wakisisitiza kwamba ufanye wewe, basi sehemu yako ya gari ipunguzwe, na jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ile ile.

Mwisho, mambo mawili ya langoni. Beba kitambulisho chako cha taifa, na Mkenya wenu abebe chake, kwa sababu asiyeweza kuthibitisha uraia wake anaweza kutozwa kama mgeni. Na malangoni hawapokei fedha taslimu: malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo wakala wenu huiomba mapema. Dai kuiona stakabadhi, uhakikishe kwamba umeandikwa katika fungu la Waafrika Mashariki. Wakala mwenyewe awe na leseni ya biashara ya utalii kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Asiyetaka kukuonyesha leseni usimpe amana.

Hifadhi nne kwa siku nne?

*Tutaanzia Arusha mwezi wa Agosti. Wenzangu wanataka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti zote ndani ya siku nne, kwa sababu wanasema hawatarudi tena Afrika. Je, inawezekana?*
— Kijana wa kujitolea, Arusha

Inawezekana, lakini mtaona barabara zaidi ya wanyama. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi na mawe, na njia ya kawaida hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, ambako mnalipa kiingilio hata kama mnapita tu. Isitoshe, mwezi wa Agosti nyumbu wengi wanaowaota wenzako wako kaskazini kabisa, karibu na Mto Mara, mwendo mrefu tena kutoka Seronera. Anayetaka kuwaona nyumbu wakizaa aje Ndutu kati ya mwishoni mwa Januari na Machi.

Mimi ningewapa Tarangire siku mbili na Ngorongoro siku moja, kisha siku ya nne iwe ya kurudi taratibu. Agosti ni kiangazi, na Mto Tarangire huwa ndio tegemeo la maji la wanyama wa eneo lote lile, kwa hiyo tembo hukusanyika kando yake kwa makundi makubwa, chini ya mibuyu ambayo peke yake inatosha kumfanya mtu afunge safari. Ngorongoro ina kreta yenye sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260 na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi, na ni miongoni mwa mahali pachache nchini ambapo mtu ana matumaini ya kweli ya kumwona faru mweusi. Msimtafute twiga humo ndani. Kuta ni kali mno kwake, naye hubaki juu.

Nguo ni jambo dogo linaloharibu siku nzima. Tarangire kuna mbung'o, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea, kwa hiyo vaeni rangi za udongo. Ukingo wa kreta uko kwenye kimo cha mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Agosti huko ni ya baridi kali. Aliyefungasha nguo za ufukweni peke yake atatetemeka.

Binti yangu hajui kuogelea

*Ndugu Mhariri, binti yangu anajitolea kufundisha, na kundi lao litamalizia Unguja. Amekulia Singida na hajui kuogelea. Ninaogopa bahari kuliko simba. Nimruhusu?*
— Mama wa Singida

Mama yangu, mruhusu, lakini apate maelezo haya kabla hajaondoka. Bahari ya Unguja hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kutoka siku moja hadi nyingine, kwa hiyo ratiba ya jana haifai kwa leo. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali kiasi kwamba mtu hutembea kwa miguu kuelekea kwenye mwamba, na hatari iko hapo: kundi hujisahau huko mbali, maji yanaanza kurudi, na asiyejua kuogelea anajikuta amezungukwa. Awaulize wavuvi au wenyeji wa kijiji saa ya maji kujaa, naye ageuke kurudi mapema.

Jambo la pili ni upepo. Agosti ni msimu wa kusi, ambao hupiga pwani ya mashariki na kusini kwa nguvu. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji huwa tulivu zaidi na hayapwi sana, hivyo huko panamfaa mtu anayejifunza. Katika boti au ngarawa yoyote avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni, si kulikalia. Nahodha akisema majaketi hayatoshi, ashuke, hata kama wenzake wote wanapanda. Kiongozi wa kundi anayemcheka mtu kwa kushuka hafai kuongoza vijana.

Ningependa pia avae viatu vya mpira majini, kwa sababu ya viumbe wenye miba wanaokaa kwenye miamba, na asikanyage mashamba ya mwani. Zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni riziki ya akina mama wa vijiji hivyo, wanaozihudumia maji yakipwa.

Kundi linalotoka Ulaya

*Nilizaliwa Tanga, sasa ninaishi Hamburg na nina uraia wa Ujerumani. Nitaongoza vijana wanane kuja kujitolea miezi miwili shuleni, kisha mbuga na ufukwe. Mtu ametuambia tuombe viza ya matembezi kwa kazi yote. Ni sawa?*
— Msomaji wa Hamburg

Si sawa, na aliyewaambia hivyo amewaweka pabaya. Viza ya kawaida ya matembezi, ambayo kwa Wajerumani ni dola 50, haimruhusu mtu kufanya kazi, na kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi hata kama hakuna mshahara. Wanaojitolea kwa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi Daraja C na taasisi inayowapokea. Kwa kazi ya muda mfupi isiyozidi siku 90 kuna viza ya biashara. Shule itakayowapokea iulize Idara ya Uhamiaji kwa maandishi ni ipi inayowafaa, na ijibiwe kabla hamjakata tiketi. Kijana wa miaka 19 anayekutwa darasani na viza ya mtalii hukabiliwa na faini au kuondolewa nchini, naye hakujua kosa lake.

Kibali hicho kina faida nyingine ambayo wengi hawaifahamu: hifadhi za taifa zina kiwango cha kati kwa wageni wenye ukaazi nchini, kilicho chini ya kile cha watalii. Wewe mwenyewe, ndugu yangu, langoni utahesabiwa kwa pasipoti unayobeba, wala si kwa mahali ulipozaliwa. Najua inauma, lakini ipange katika bajeti.

Tangu Oktoba 1, 2024, wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bima mliyokata Ulaya haiondoi sharti hilo. Waambie pia vijana wako waiache mifuko ya plastiki nyumbani, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar mapema zaidi. Katika mitaa ya Mji Mkongwe na vijijini wafunike mabega na magoti. Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni. Wakija mwezi wa Ramadhani, wasile wala kunywa hadharani mchana. Na bandarini au mitaani wakifuatwa na mapapasi wanaojipendekeza kuwatafutia hoteli, wakatae kwa upole na kuendelea na njia yao.

Kituo cha watoto yatima katika ratiba

*Wakala ametupangia kwamba kati ya Ngorongoro na kupanda ndege kwenda Zanzibar tutembelee kituo cha watoto yatima kwa saa mbili, tucheze nao na kupiga picha. Baadhi yetu hatujisikii vizuri. Tunakosea?*
— Wanne wa kundi moja, Karatu

Hamkosei. Mwambieni wakala aiondoe. Mtoto aliyepoteza wazazi hahitaji mgeni wa saa mbili anayembeba, kumkumbatia na kutoweka, kisha kesho aje mwingine afanye vivyo hivyo. Mbaya zaidi, fedha za wageni huwapa baadhi ya wenye vituo sababu ya kuwabakiza watoto ambao wana mzazi au ndugu wa kuwalea. Mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto ambalo lilitaja madhara ya utalii na kujitolea katika vituo vya yatima, na likazitaka nchi zichukue hatua. Nchini mwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto huyo, na hata picha ya uso wake haifai kutumwa mtandaoni na mtu asiyemfahamu.

Kama mna fedha za kutoa, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itawaelekeza kwa familia zinazolea watoto wa ndugu zao. Zile saa mbili zitumieni sokoni Karatu, mle chakula cha mchana kwa mama lishe, na mpande ndege mkiwa hamjamwumiza mtu.

Sote ni wenyeji, na fedha ni kidogo

*Sisi ni wanachuo saba wa Dar es Salaam tunaojitolea kusafisha fukwe. Tunataka mapumziko ya mbuga na bahari, lakini Arusha ni mbali na Unguja ni ghali. Tena wawili wetu wanajifunza kuzamia na hawataki kukosa nafasi hiyo. Kuna njia?*
— Wanachuo, Dar es Salaam

Iko, na inashangaza jinsi isivyotumiwa. Saadani, iliyotangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania Bara ambamo nyika yenye twiga na tembo inakutana na Bahari ya Hindi. Mnapitia Bagamoyo, mnaweza kusimama kwenye magofu ya Kaole, na mkifika mnaweza kupanda mashua Mto Wami kuwatazama viboko na mamba. Sitawaahidi tembo mchangani, maana picha hizo hupatikana kwa nadra, na wanyama wa Saadani hawajazana kama wa Tarangire. Msiende wakati wa masika. Udongo wake mweusi hunasa magari.

Mkitaka wanyama wengi zaidi, pandeni treni ya umeme hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, kisha mkodi gari moja la kuwapeleka Mikumi. Kodini gari kweli: kupita na basi kwenye barabara kuu ya Iringa inayokatiza hifadhi hakutoshi, ingawa wengi hujidai wameiona Mikumi kwa njia hiyo. Baada ya hapo bahari mnayo nyumbani, na kwa siku mbili za ziada Pangani ina fukwe za Ushongo ambazo bado zina utulivu.

Wale wawili wanaozamia wazingatie mpangilio wa siku. Baada ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, mwili hubaki na gesi ya naitrojeni ambayo hutoka polepole, na mtu akipanda ndege au akipanda mlima mrefu mapema mno, gesi hiyo hufanya mapovu ndani ya damu na viungo. Wakufunzi hudai zipite angalau saa 18, na wengi hutaka 24. Kwa hiyo mbuga itangulie, bahari ifuate, na wanaorudi kwa ndege wazamie siku za mwanzo. Siku ya mwisho waogelee juu juu kwa miwani na bomba la kupumulia.